Usianze na neno "huru": namna ya kuisoma karatasi ya mzee wako

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu, anayefanya kazi Dar es Salaam, alinitumia picha kwenye simu. Karatasi imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imekatika, kona moja imeliwa na mchwa. Juu maandishi ya Kiarabu, katikati muhuri, chini alama ya wino ya mtu asiyejua kuandika.

"Ami, shikamoo. Tumeikuta kwenye kasha la bibi. Jirani kanisomea neno moja tu, hurr. Kumbe babu mkubwa aliachwa huru! Nimeshawaambia watoto."

"Marahaba mwanangu. Umewaambia nini?"

"Kwamba siku hiyo alitoka shambani, hakurudi tena."

Nikamwambia watoto wasubiri kidogo. Mstari wa nne wa karatasi ile una jina la shamba, na wa tano una idadi ya siku.

Nilikuwa karani wa mahakama huku Pemba kwa miaka 31. Kazi yangu kubwa ilikuwa mirathi na ugomvi wa mipaka ya mashamba, na karatasi za namna hii zililetwa mezani kwangu zimefungwa kwenye kanga, kwenye mfuko wa nailoni, mara moja ndani ya Msahafu. Tangu nistaafu watu wanazidi kuniletea. Basi nitaeleza ninavyozisoma mimi, ili mwenye yake nyumbani aanze mwenyewe kabla ya kumtafuta mtu.

Kwanza nikiri kosa langu, maana nawe utalifanya. Nikiwa karani mpya aliletwa kwangu mzee anayetaka shajara, yaani mti wa nasaba, ya ukoo wake. Kwenye karatasi nikaona majina matatu yamefuatana: Feruz, kisha neno lenye ayn, ta, ya na qaf, kisha Salim. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Feruzi bin Atiki bin Salim. Mzee akafurahi, akaenda zake. Miaka miwili ukoo ule ulikuwa na babu aitwaye Atiki. Akaja shekhe mmoja kwa shauri jingine, akaitazama shajara, akacheka mpaka akavua kofia. Atiki hakuwa mtu. Neno lile, atiq, maana yake ni aliyeachwa huru. Karatasi ilisema Feruzi, aliyeachwa huru na Salim. Nilikuwa nimemfanya bwana wake kuwa babu yake, na hali yake ya kisheria nikaifanya baba.

Kwa hiyo anza na majina, na yatazame maneno yaliyo katikati ya majina. Ukiona bin, huyo ni mtoto wa fulani. Ukiona atiq, ameachwa huru na fulani. Ukiona khadim, usiseme "mtumishi" kama wanavyotafsiri vijana waliosoma Kiarabu cha siku hizi. Katika hati za Waarabu wa Oman na za huku kwetu, khadim wa fulani ni mtumwa wa fulani. Na jina lenyewe linasema. Feruzi, Mabruki, Almasi, Marjani, Zafarani, Tausi: mawe ya thamani, viungo, ndege wa fahari, baraka. Mtu hakuja na jina hilo kutoka Unyasa wala Uyao, alipewa huku. Pembeni ya jina pengine utakuta Mnyasa, Myao, Mngindo, Mmanyema. Hilo neno moja ndilo pekee lililobaki la kwao. Liandike pembeni, lipigie mstari.

Halafu tarehe. Karatasi nyingi zina mwezi wa Kiislamu na mwaka wa Hijria. Hesabu yangu ya haraka ni hii: chukua mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Mwaka 1314 unakupa 1896 na nusu, na kweli mwaka ule ulianza Juni 1896 ukaisha mwanzoni mwa Juni 1897. Usijali siku kamili. Unachotaka kujua ni jambo moja: karatasi imeandikwa kabla ya Mfunguo Pili wa 1314 au baada yake.

Mwezi huo, tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuifuta hali ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Nasema alitia saini. Aliwekwa kitini na Waingereza baada ya mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896, vita ile isiyofika hata saa nzima, na maneno ya amri yalipikwa zaidi na balozi wao Arthur Hardinge, mtu aliyeamini kwamba watumwa wakiachwa kwa ghafla karafuu zitaozea mtini na serikali itafilisika.

Ikiwa karatasi ni ya kabla ya hapo, unayo barua ya kuachwa huru kwa sheria ya dini. Mwenyewe amemwacha mtu wake kwa radhi ya Mwenyezi Mungu, au kwa wasia atakapokufa, au amekubali ajikomboe kwa fedha. Utaona mashahidi wawili, pengine kadhi, na maneno ya thawabu. Humo hamna kodi wala idadi ya siku. Lakini kuna kifungo ambacho hakiandikwi kwa sababu kila mtu alikijua: walaa. Aliyemwacha mtu huru anabaki kama jamaa yake. Aliyeachwa akifa bila warithi wa damu, bwana wake wa zamani au watoto wa bwana ndio wanaorithi. Mwanamke aliyeachwa huru asiye na baba wala ndugu huozeshwa na aliyemwacha. Nimeona kesi za mirathi za miaka ya mwisho wa kazi yangu ambazo, ukizivuta uzi, unafika kwenye walaa ya mtu aliyekufa zamani kabla ya Vita vya Kwanza.

(Utakutana na watu wakikuambia utumwa uliisha mwaka 1873, Sayyid Barghash alipolifunga soko la Mkunazini. Soko lilifungwa na biashara ya baharini ikapigwa marufuku, hiyo ni kweli. Waliokwisha kununuliwa walibaki mashambani. Na mwaka 1890 Sultani Ali bin Said alitoa amri iliyompa mtumwa haki ya kujikomboa kwa fedha zake. Mwezi haujaisha likatoka tangazo jingine, kwamba bwana halazimiki kuzipokea. Kwa hiyo usishangae mzee wako akiwa mtumwa mwaka 1895.)

Ikiwa ni ya baada ya Aprili 1897, tulia kwenye kiti. Hapo ndipo penye kazi.

Kwanza elewa amri ilivyofanya, maana hata walimu wa historia wanaipitia juu juu. Haikusema watumwa wote wako huru kuanzia leo. Ilisema kwamba mahakama haitasikiliza tena dai la mtu yeyote juu ya mwili, kazi au mali ya mwenzake kwa hoja kwamba ni mtumwa wake. Maana yake ni kwamba asiyekwenda mahakamani hakubadilikiwa na kitu. Ilimpasa atoke shambani, aende kwa miguu mpaka Mahakama ya Wilaya, mbele ya liwali, aseme nataka kutambuliwa huru. Na liwali mwenyewe, mara nyingi, alikuwa na mashamba na watumwa wake. Fikiria mtu aliyezaliwa Kengeja, hajui kusoma, anakwenda Chake Chake kumshitaki bwana kwa bwana.

Ukifahamu hilo, karatasi uliyoishika inabadilika sura. Inakuonyesha mtu aliyekwenda. Wengi hawakwenda. Wengine walikuwa wazee, wengine walikuwa na nyumba na mihogo yao na hawakuona faida, wengine walitoweka tu usiku wakaenda mjini kupiga hamali, na hao hawana karatasi yoyote.

Vifungu vya amri viko sita. Cha kwanza kinasema mashauri yaende Mahakama ya Wilaya peke yake, na cha sita kinatoa haki ya rufaa kwa Sultani, hivyo vipite. Cha pili ndicho chenye fidia. Fidia alilipwa bwana. Aliyeweza kuonyesha kwamba alimmiliki mtu kwa halali kwa amri za zamani, na kwamba sasa amepata hasara, mahakama ilimwandikia Waziri wa Kwanza wa Serikali, siku hizo Lloyd Mathews, naye akamlipa. Aliyefanya kazi miaka thelathini bila ujira hakuandikiwa hata pesa moja. Waingereza walikuwa na mazoea hayo. Walipofuta utumwa katika makoloni yao ya West Indies mwaka 1834 waliwatengea wamiliki pauni milioni 20, na waliokuwa watumwa wakafungwa kwa mabwana walewale kwa jina la uanagenzi mpaka 1838.

Kwa hiyo angalia: je, karatasi yako ni ya uhuru, au ni nakala ya dai la fidia? Zinafanana. Alama ni hii. Kwenye dai la fidia jina la kwanza na lililoandikwa kwa ukamilifu, na baba na babu na kabila, ni la bwana, na mahali fulani kuna rupia. Mzee wako yuko chini, kwa jina moja. Hata hivyo usiitupe. Kwenye rekodi, jina la bwana ndilo mlango. Ukienda Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, Unguja, ukaomba "Feruzi", utaletewa Feruzi wa kisiwa kizima. Ukiomba kwa jina la mwenye shamba na wilaya, unaweza kumpata wako.

Kifungu cha tatu kinahusu madeni ya mabwana, kwamba wadai wasiinyang'anye fidia ovyo. Kinakuonyesha tu jinsi wenye mashamba walivyokuwa wamezama kwenye rehani.

Sasa cha nne. Karibu kila sharti utakaloliona kwenye karatasi yako limetoka hapa, nami nitakieleza kwa maneno yangu kwa sababu Kiingereza chake kirefu na Kiarabu chake kigumu. Mtu aliyetambuliwa rasmi kuwa huru atalipa kodi yoyote na atafanya kazi yoyote ya lazima ambayo serikali itawatoza raia wake. Atathibitisha kwamba ana makazi ya kudumu na njia ya kujipatia riziki. Asipothibitisha, atahesabiwa mzururaji. Na makazi yake yakiwa kwenye ardhi ya mtu mwingine, atamlipa mwenye ardhi kodi watakayokubaliana mbele ya mahakama, na kodi hiyo yaweza kuwa kazi au mazao.

Soma tena sentensi ya mwisho, kisha jiulize: mtumwa wa shamba, asubuhi ya kuachwa huru, makazi yake yako kwenye ardhi ya nani? Hana kiwanja kingine duniani. Kibanda chake kiko chini ya mikarafuu ya bwana, kilima cha mihogo yake kiko kwenye ardhi ya bwana. Akitoka bila pa kwenda, ni mzururaji na sheria inamshika. Akibaki, ni mpangaji, na fedha za kupangia hana. Ana mikono.

Ndipo unapofika mstari wa tano wa karatasi ya mwanangu. Makubaliano yaliyozoeleka yalikuwa siku tatu kwa wiki. Mtu anafanya kazi ya mwenye shamba siku tatu bila ujira, na kwa hiyo anakaa kwenye kibanda na kulima kipande chake. Ili ujue alipata nini na alikosa nini, piga hesabu kwa vidole. Zamani za utumwa, kwa desturi ya mashamba ya visiwani, mtumwa alimfanyia bwana siku tano na siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, zilikuwa zake. Chini ya karatasi zikawa tatu za bwana na nne zake. Zimeongezeka siku mbili. Hizo mbili ndizo uhuru wake kwa hesabu, pamoja na hili kubwa kwamba hawezi kuuzwa wala mwanawe hawezi kuuzwa. Na siku tatu kwa wiki 52 ni siku 156 kwa mwaka, kodi ya kibanda cha makuti na mihogo.

Nilipomwandikia hesabu hiyo, mtoto wa kaka yangu alikaa kimya siku nzima. Usiku akaandika: "Ami, sasa alikuwa huru au hakuwa?"

"Alikuwa mpangaji anayelipa kwa jasho. Tafuta alilipa mpaka lini."

Swali hilo la mwisho wengi hawaliulizi. Tazama kama karatasi ina muda. Nyingine zinasema mwaka, nyingine hazisemi kitu. Tazama inachosema juu ya karafuu pia. Palizi na kuchuma ni vitu viwili. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, ya Pemba kikaiacha, kwa hiyo Pemba ndiyo iliyobeba zao, na karafuu zikiwiva hazisubiri: usipochuma tumba likiwa bado halijafunguka, mali imekwenda. Msimu huo kila mwenye shamba aligombania mikono, na mchumaji alilipwa kwa kila pishi aliyochuma. Ndiyo maana makubaliano ya siku tatu hayakudumu kama walivyotaka wakubwa. Mtu akigundua kwamba shamba la pili wanalipa palizi kwa fedha taslimu, siku tatu za bure anazifanya kwa mkono wa kushoto, au hazifanyi. Neno "kibarua" lilikuwapo tayari: cheti kidogo cha kazi, barua ndogo, alichopewa mtu wa mjini aliyekodishwa kwa siku. Wajukuu wa watumwa walilichagua hilo kuliko mkataba, na lugha nzima ikawafuata.

Jambo jingine la kuangalia kwenye mistari ya ardhi ni miti. Kwetu ardhi na mti vinaweza kuwa na wenyewe wawili. Aliyeruhusiwa kukaa alilima mihogo, viazi, mtama, vitu vinavyong'olewa vikaisha. Kupanda mnazi au mkarafuu ni jambo jingine kabisa, maana mti wa kudumu unazaa dai. Ukikuta mzee wako alipanda minazi yake mwenyewe na ikahesabiwa kuwa yake, jua ama alinunua kipande, ama alikuwa na bwana wa namna ya pekee, ama alikuwa mjanja. Nimesikiliza kesi iliyosimama juu ya mnazi mmoja, na mashahidi saba wakabishana nani aliuchimbia shimo.

Kama mzee wako ni bibi, rudi kifungu cha tano. Wanawake wa shambani na wa jikoni waliingia kwenye kanuni kama wanaume. Masuria hawakuingia. Amri iliwahesabu kama watu wa nyumbani, sawa na wake, wabaki walipo. Suria angeweza kuomba kuondoka kwa sababu moja tu, ukatili, na aithibitishe mbele ya mahakama. Asiyezaa angeweza kukombolewa kwa idhini ya mahakama. Aliyezaa na bwana alibaki. Ilikuwa mpaka mwaka 1909, kwa amri nyingine, ndipo kinga hiyo ya mabwana ilipoondolewa. Kwa hiyo ukikuta babu ana karatasi ya 1898 na dada yake hana, usidhani ilipotea. Pengine hakuruhusiwa kuwa nayo. Na hapa uwe na adabu, maana katika koo nyingi za visiwani suria ni bibi mzaa babu, na watoto wake walizaliwa huru na kurithi kwa jina la baba yao. Kuna nyumba ukiuliza hilo kwa sauti utanyimwa chai.

Nisisahau walioachwa huru mikononi mwa wamisheni, kwa kuwa karatasi zao ziko kwenye vitabu vya ubatizo na ndoa. Mapadri wa Bagamoyo walikuwa na kijiji chao tangu 1868, Waanglikana walikuwa na Mbweni kule Unguja, na Frere Town kule Mombasa tangu 1875, na Makweka (Wakristo wa madhehebu ya Quaker) walifungua misheni yao Pemba mwaka wa amri yenyewe. Huko pia mtu alipewa nyumba na kipande, na huko pia kulikuwa na saa za kazi, kengele, na mkubwa wa kumwadhibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko ya viboko vya Frere Town yalifika mpaka London. Kengele yenyewe ipo mpaka leo pale Kengeleni, magari yanaizunguka.

Wenye asili ya Mrima na pwani ya Kenya msitumie tarehe zangu. Kenya sheria ilikuja 1907, na mwaka uliofuata ikaja sheria ya hatimiliki za ardhi ya pwani. Wenye madai ya zamani wakaandikisha ardhi, na waliokuwa watumwa wao, wanaolima palepale, hawakuwa na cha kuandikisha. Wajukuu wao ndio wanaoitwa maskwota mpaka leo. Tanganyika Wajerumani waligawa hati za uhuru kwa makumi ya maelfu, moja moja, kwa aliyejikomboa au aliyekombolewa, bila kuufuta utumwa wenyewe. Waliufuta Waingereza mwaka 1922. Hati ya Kijerumani haitakuwa na siku tatu za karafuu, kwa hiyo usizitafute.

Ukishasoma, nenda kwa mzee aliye hai. Usiingie na neno "mtumwa". Nimeona kijana anamuuliza bibi wa miaka tisini, "Bibi, sisi tulikuwa watumwa?" Bibi akainuka akaenda kuanika mpunga. Uliza ardhi. Shamba lilikuwa la nani? Mlikaa upande gani, karibu na kisima au karibu na nyumba ya mawe? Mlikuwa mkipeleka nini kwa mwenye shamba, na siku gani? Minazi ya pale mlikuwa mkila au mkiomba? Harusi ya mama yako nani alisimama walii? Kwa swali hilo la harusi peke yake unapata walaa bila kulitaja jina lake.

Na uliza eka tatu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba yalitaifishwa, watu wakagawiwa eka tatu tatu. Nyumba nyingi zina kumbukumbu hiyo kwa tarehe na sherehe. Muulize mzee eka zile zilikatwa kutoka shamba gani, na shamba lile kabla ya hapo likiitwa nani. Mara nyingi ni jina lilelile lililo kwenye mstari wa nne wa karatasi ya 1897 au 1898. Ukilipata mara mbili, umefunga duara, na ukienda Kilimani utajua uombe nini.

Kuhusu karatasi yenyewe: usiipasi, usiibandike gundi ya kioo, usiitie plastiki ya moto. Ilaze bapa kati ya karatasi mbili nyeupe. Piga picha mchana karibu na dirisha, bila taa ya simu, mbele na nyuma, maana nyuma ndiko makarani tulikoandika mambo ambayo hatukutaka yasomwe mbele. Mpelekee anayesoma khat za zamani, na mwombe akusomee neno kwa neno kwanza, maana baadaye. Akikupa maana kwanza, utaishia na Atiki wako.

Mtoto wa kaka yangu alifanya hivyo. Nyuma ya karatasi ile, kwa mwandiko mwingine na wino uliofifia, kuna mstari mmoja wa mwaka 1320: hayupo shambani, kibanda kitupu. Hesabu ni 1902 na ushei. Akaniuliza kama hiyo ndiyo siku aliyotoka asirudi tena, ile aliyowasimulia watoto. Nikamwambia ndiyo, ila amekosea kwa miaka mitano, na aliondoka bila kumuaga mtu, akidaiwa siku.

"Alikwenda wapi, Ami?"

Nimemwambia aanze na daftari za mchuma wa msimu ule, shamba la pili kutoka lile, upande wa kisima. Anakuja Mfunguo Mosi akishapata likizo. Nimeshamtafutia penseli laini. Pale Kilimani kalamu ya wino huingii nayo kwenye chumba cha kusomea.